Waya Haujacheza

Jumanne, saa tisa na robo alasiri, mwezi wa nane, ndipo jambo hili lilipoanza, mwanangu, na saa naijua kwa sababu Mosio Rene, fundi wa umeme, alikuwa ametoka kuitazama saa yake wakati aliponionyesha kwa kidole jiwe la kukalia. Ilikuwa miaka ya mwanzo ya uhuru wa Madagaska. Bendera ilikuwa bado ngeni, na jioni watu walikuwa wakiikunja kwa uangalifu kama nguo ya arusi. Nilikuwa na miaka kumi na saba, nasoma sekondari Mahajanga, na nilikuwa na haya mbaya. Sisemi ile haya wanayosifiwa wasichana. Nasema haya ya kushindwa kumwambia muuza duka kwamba amekupa chumvi badala ya sukari, ukaenda nayo nyumbani.

Juzi umeniambia kwamba kwenye mikutano ya kazi yako mpya jambo unalijua, unalo kabisa mdomoni, kisha mkubwa anasema, "Haya, tumekubaliana," na wewe unabaki nalo mpaka nyumbani. Nikacheka, na wewe ukadhani nakucheka. Nilikuwa namcheka msichana mmoja aliyekaa juu ya jiwe, kwenye kiwanja cha ndege cha Nosy Be, upande wa baharini.

Maneno ya watu nitakupa kwa Kiswahili, ambacho nimekizoea nilipoolewa huku Unguja. Kule kisiwani tulisema Kimalagasi na kila mtu, na Kifaransa na Mosio Rene. Nyumbani kwa baba mkubwa tulisema Kingazija chetu cha asili ya Komoro, ambacho wewe ungekisikia ungeelewa nusu, na nusu ungebahatisha.

Baba mkubwa huyo, kaka wa baba yangu, jina lake Madi. Alizaliwa Mahabibo kama sisi sote, katika nyumba zile za Mahajanga zilizobanana mpaka jirani akikohoa unamwambia pole bila kutoka kitandani. Alifanya kazi za barabara tangu ujana wake. Aliendesha mtambo wa kushindilia, akawa msimamizi wa watu, na kila mara juu yake palikuwa na mkubwa aliyetoka ng'ambo. Baada ya uhuru, ofisi ya ujenzi ya Mahajanga ikamkabidhi kazi nzima: kuijenga upya pisti ya Nosy Be, ndivyo tulivyoita njia ya kurukia ndege, na kuitia taa za umeme.

Pisti ya zamani ilikuwa kokoto na udongo mwekundu. Ikinyesha, inakuwa bakuli. Taa zake zilikuwa vibuyu vya bati vyenye mafuta na utambi, na upepo wa baharini ulivizima kila ulipopenda. Ndege ikichelewa kidogo tu jua likazama, rubani aligeuza akarudi Mahajanga, na mgonjwa aliyekuwa akiisubiri alirudishwa hospitali ndogo ya mjini kwa mkokoteni. Sasa kazi hiyo baba mkubwa alipewa kwa kujaribiwa. Hakuna aliyetamka hivyo, lakini kila mtu alijua. Akiifanya vizuri, kuna viwanja vingine pwani ile vinangoja. Akiiharibu, kazi inarudi kwa kampuni ya ng'ambo, yeye anarudi kukaa chini ya mtu, na watu wake wanarudi kukata miwa Dzamandzar, ambako wengi wao alikuwa amewatoa. Ndiyo maana mwezi ule mzima hakuwa akimaliza wali wake, na mama mkubwa alikuwa akimwambia, "Kula, Madi. Pisti haikimbii."

Alinichukua likizo ile ndefu nimsaidie kusema. Baba mkubwa alijua Kifaransa cha kazi. Kifaransa cha kubishana hakukijua, na Mosio Rene alipenda kubishana. Basi mimi ndiye nilikuwa mdomo wa watu wawili, mwanangu, mimi niliyekuwa sina mdomo wangu mwenyewe. Maneno ya wengine niliyapitisha vizuri kabisa, hata ya ukali. Kama ni maneno yangu, niliyaandika usiku kwenye daftari, na humo nilikuwa hodari sana wa kuwajibu watu.

Sasa nikwambie kuhusu Jumanne. Kisiwani pale Jumanne na Alhamisi udongo hauchimbwi. Ni fady, mwiko wa Wasakalava, wenyewe wa ardhi ile. Wasimamizi wa zamani walishindana na mwiko huo, na kila wiki walipoteza siku mbili na heshima kidogo. Baba mkubwa hakushindana nao. Aliipanga kazi ikazunguka: siku za udongo ni za udongo, na Jumanne na Alhamisi ni siku za taa. Vioo vinaoshwa, taa zinafungwa kwenye vigingi vyake, nyaya zinapimwa. Hakuna anayeshika jembe na hakuna anayekaa bure. Mkubwa wa wachimbaji alikuwa mzee wa Kisakalava aliyeitwa Zafy, mfupi, mwenye kofia ya ukindu aliyoivaa hata kivulini. Yeye na baba mkubwa walikuwa wakitaniana kutwa.

"Mngazija," Zafy alimwambia siku ya kwanza ya mpango ule, "mwiko wetu umeupigia hesabu kuliko sisi wenyewe."

"Si mwiko wenu tu," akasema baba mkubwa. "Na uvivu wenu nimeutia humo humo."

Jumanne ninayokusimulia, kesho yake alfajiri ilikuwa siku ya kumwaga lami. Mtambo wa lami uliletwa kwa tishali kutoka Mahajanga na Alhamisi maji yakijaa ulikuwa unaondoka, unasubiriwa kwingine. Mapipa ya lami yalikuwa yanachemshwa tangu adhuhuri, kiwanja chote kinanuka, hata harufu ya maua ya mlangilangi iliyozoea kutuamsha kila siku haikupata nafasi. Kila kitu kilikuwa tayari isipokuwa kimoja cha kuhakikisha. Chini ya pisti, kukata kutoka upande wa nchi kavu mpaka upande wa baharini, wachimbaji walikuwa wamelaza bomba. Humo ndimo umeme wa taa za baharini ungepita. Ndani ya bomba uliachwa waya mwembamba wa chuma, ncha zake zikitokeza huku na huku. Ukiuvuta upande mmoja na ukacheza upande wa pili, bomba ni zima. Lami ikishamwagwa juu ya bomba lililoziba, hakuna dawa ila kuikata pisti mpya kama mkate.

Mosio Rene akaniweka kwenye jiwe upande wa baharini, karibu na mdomo wa bomba. Mashine ya umeme ilikuwa inanguruma na hakuna sauti ambayo ingevuka. Akasema: "Nitavuta. Ukiona waya unacheza, nipungie nguo."

Nikakaa, nikaikodolea macho ile ncha ya waya. Mosio Rene kule ng'ambo akainama, akavuta. Ncha yangu ilikaa tuli kama msumari. Akavuta tena. Tuli. Upepo wa alasiri ukaja kutoka baharini, ukaingia chini ya kisaly changu, mtandio wetu wa begani, ukauinua wote juu ya kichwa changu, na mimi nikawa naukamata kwa mikono miwili nisiachwe kichwa wazi mbele ya wanaume. Nilipoweza kuona tena, Mosio Rene alikuwa amenivulia kofia, anaitikisa kunishukuru, na anaondoka kwa hatua ndefu kuelekea kibandani.

Nilisimama. Nikapunga mkono hapana. Kumpungia mtu mgongo, mwanangu, ni kazi bure.

Nikakimbia. Tulikuwa tumekatazwa kukanyaga katikati ya pisti iliyokwisha sawazishwa, kwa hiyo nilizunguka kichwani kwake kote, na nilipofika kibandani nahema, mambo yalikuwa yameshakwenda. Wachimbaji na mafundi wa taa walikuwa wameketi na vikombe vya chai. Mama mkubwa alikuwa ameleta sinia ya mkatra futra, mikate yetu ya nazi, uso wake wote umepakwa liwa kwa sababu ya jua. Baba mkubwa alikuwa amesimama katikati yao, na nilimwona na jambo ambalo sikuliona mwezi mzima: alikuwa anatafuna. Habari zilikuwa zimeshapelekwa Mahajanga kwa redio, bomba ni zima, lami kesho alfajiri.

Nikaenda nikasimama ubavuni pake. "Baba mkubwa," nikasema, "waya haujacheza."

Alikuwa anawaambia watu nani atasimama wapi kesho. Nikangoja apumue. "Baba mkubwa, waya haujacheza." Akanipa kipande cha mkate bila kunitazama, akadhani nina njaa. Nikakishika kile kipande. Nilifikiria kwenda kumwambia mama mkubwa amwambie. Nilifikiria kwamba labda Mosio Rene anajua kitu nisichokijua mimi, kwamba nyaya zake labda huwa hazichezi mara ya kwanza. Unaona akili inavyomtafutia mwenye haya mlango wa nyuma. Nikasema mara ya tatu, na safari hii hata mimi mwenyewe sikuisikia sauti yangu vizuri.

Zafy ndiye aliyekuwa ameketi chini mbele yangu, na alikuwa ananitazama miguu. Kwa kukimbia kote kule nilikuwa mwekundu wa vumbi mpaka magotini.

"Madi," akasema, "mtoto huyu ana neno. Hakukimbia hivi kwa ajili ya mkate."

Baba mkubwa akageuka. Sijui unalijua lile joto linaloanzia masikioni. Nikasema, nikikitazama kiatu chake cha kushoto: "Waya haujacheza. Sikupunga. Ni upepo."

Mosio Rene akauliza nimesema nini, na aliyetakiwa kumfasiria ni mimi. Ikabidi nijifasiri mwenyewe. Kijana mmoja wa taa akasema, "Hata upepo nao umeandikwa kazi hapa?" na wenziwe wakacheka. Nilitamani bomba lile linimeze.

"Binti," akasema Mosio Rene, bila hasira, "nimekuona kwa macho yangu. Na waya upande wangu ulikuja."

"Ulikuja kidogo, Mosio?"

Hakutegemea swali. Wala mimi. Akafikiri. "Kidogo," akasema.

"Kwangu haukuja kabisa."

Baba mkubwa aliweka kikombe chini. Hakunikemea, hakumkemea yeye. Alisema, "Twendeni tukautazame," akatangulia, na kundi zima likamfuata kwa kuzunguka kichwani kwa pisti, na mimi nyuma yao na kipande changu cha mkate. Mosio Rene alibaki upande wa nchi kavu akavuta. Ncha ya baharini, mbele ya macho ya watu wote wale, ilikaa tuli. Zafy aliishika yeye mwenyewe kwa vidole viwili kama anayempima mgonjwa mapigo, akatikisa kichwa.

Nikuambie kweli, nilichokisikia kwanza kilikuwa raha. Pisti imeharibika, baba mkubwa hana rangi usoni, na mimi moyoni nasema alhamdulillahi, sikuota. Ndivyo ujana ulivyo. Halafu nikauona mkono wake. Alikuwa anajishika mkanda wa suruali kama mtu anayehofia itamvuka, na raha ile ikaniisha.

Waliingiza fito za mwanzi zilizofungwa pamoja kutoka upande huu, zikagota. Wakazipima juu ya pisti, na pale zilipoishia wakaweka jiwe: karibu katikati. Mosio Rene akaja akatazama lile jiwe. "Watu wanane na majembe," akasema. "Tukianza sasa hivi, kabla ya giza tumemaliza."

"Leo Jumanne," akasema baba mkubwa.

"Najua leo ni Jumanne. Lakini una vijana wa kusini kwenye kundi la taa. Wao hawana mwiko huu. Wape wao majembe."

Nilifasiri. Wale vijana wa kusini wakatazama chini. Na jambo lile lingewezekana, mwanangu. Baba mkubwa mwenyewe hakufungwa na mwiko ule. Kazi yake yote ilikuwa imelala chini ya jiwe lile, na majembe yalikuwa yameegemezwa ukutani, hatua chache tu.

"Mwambie mwiko si wa vijana," akasema. "Ni wa ardhi. Na ardhi ni moja, akichimba huyu au yule."

Kisha akafanya ambalo sikupata kumwona mkubwa yeyote akilifanya. Akachuchumaa mbele ya Zafy, aliyekuwa amekaa kwenye ukingo, mpaka nyuso zao zikawa sawa. "Bwana mkubwa," akasema, hakumwita Zafy, "lami inachemka. Mtambo unaondoka keshokutwa. Mimi ni mgeni wako hapa tangu babu yangu. Nifanyeje?"

Zafy alivua kofia. Tulikiona kichwa chake kwa mara ya kwanza, cheupe pee. Alitazama jua, lililokuwa limeanza kushuka upande wa miwa.

"Ninyi wenye kuswali," akasema, "siku yenu inakwisha lini?"

"Maghribi. Jua likizama tumeingia Jumatano."

"Hata mimi nilivyolelewa, jua likizama Jumanne imekwenda na mizigo yake." Akavaa kofia. "Mwambieni Mosio akanywe chai. Akirudi atanikuta nimeshika jembe, na mimi nilishaapa mwaka huu sishiki tena."

"Umri umekuchosha," akasema baba mkubwa, na sauti ilikuwa imemrudia.

"Wangazija ndio wamenichosha."

Saa mbili zile za kungoja hazikupotea. Ndipo nilipoelewa kwa nini watu walimwamini baba mkubwa. Alileta kipande kipya cha bomba kikawekwa pembeni. Alipanga nani atachimba, nani atatoa kokoto azirundike kando zisichanganyike na udongo, nani atashindilia. Aliwaambia wote wamweleze kwa maneno yao watakalofanya, mmoja mmoja, na aliyejibu "ndiyo" tu alirudishiwa swali. Mosio Rene hakwenda kunywa chai. Aliziunganisha taa za upande wa nchi kavu, ambazo umeme wake ulikuwa tayari.

Jua likazama. Baba mkubwa na wenzake wakaswali pembeni, Zafy akasogea peke yake kwenye lile jiwe akasema na ardhi maneno machache ambayo sikuambiwa niyafasiri, na Mosio Rene, mpenda kuuliza, hakuuliza. Kisha akawasha. Taa zote za upande mmoja, mpaka mwisho wa pisti, zikawaka pamoja. Tulikuwa tumezifunga wenyewe, tumeviosha vioo vyake kimoja kimoja, lakini hatukuwa tumeziona zikiwaka. Mama mkubwa akasema tu, "Basi hata wanaochelewa watafika," akainamia sufuria yake.

Walichimba kwa mwanga wa taa zile. Bomba lilipotokea, lilikuwa limepondeka kwenye kiungo, bapa kama ulimi. Mtambo wa kushindilia ulilipitia siku udongo juu yake ulipokuwa bado haba. Kila mtu alimjua aliyekuwa anauendesha, naye alikuwa pale pale shimoni, na baba mkubwa hakuuliza ni nani. Aliomba msumeno. Kipande kibovu kikatolewa, kizima kikaingia, waya ukapita, nyuma ya waya kamba, na nyuma ya kamba ule mkonga mnene wa umeme, wakiuvuta kwa wimbo wa wakata miwa ambao una matusi kidogo, na mimi nikajifanya Kimalagasi kimenipotea. Tulipokula wali, taa za baharini nazo zilikuwa zimewaka, na udongo ulikuwa umerudishwa mahali pake.

Baba mkubwa alikula akamaliza. Akaongezewa. Ndipo akaniita.

"Echati. Umeniambia mara ngapi?"

"Tatu, baba mkubwa."

"Mimi nimesikia moja. Na hiyo moja ni ya Zafy." Akanitazama. "Hizo nyingine umeliambia shati langu."

"Shati lako nalo halisikii," akasema mama mkubwa. "Wiki nzima naliambia livuliwe lifuliwe."

Watu wakacheka, yeye hakucheka. "Kosa la kwanza ni letu," akasema. "Mimi na baba yako tulikufunza usipaze sauti mbele ya wakubwa, tukaishia hapo. Hatukukwambia kwamba mkubwa mwenye kazi masikio yake yamejaa. Mashine imo, lami imo, na wale wanaomsifu wamo. Ukija ubavuni na kisauti hicho, hata kama umebeba roho yangu mkononi, sitaiona. Siku nyingine njoo mbele. Simama pale ninapotazama. Niite, nikuitike. Halafu niambie ulichokiona, kama leo: waya haujacheza. Usiniambie aliyekosea, hilo nitalijua au sitalijua. Na usiondoke mpaka nikujibu, hata nikijibu vibaya. Umesikia?"

"Ndiyo."

"Sijasikia mimi."

"Ndiyo, baba mkubwa." Hapo hata wapika lami walisikia.

"Enhe," akasema. "Sasa ule."

Maneno hayo ndiyo ninayokupa, mwanangu, sina yangu mazuri kuliko hayo. Naongeza kidogo tu, kwa sababu nimeishi nayo. Haya yako usiione ugonjwa. Mwenye haya huona mengi, maana muda ambao wenzake wanasema yeye anatazama. Ila ulichokiona bado hujakimaliza mpaka kimfikie anayeweza kufanya kitu. Usisubiri sauti yako ipendeze, sema nayo ikitetemeka. Sema mapema, kabla lami haijamwagwa, kwa sababu baada ya hapo ukweli ule ule unakuwa lawama. Wakikucheka, ngoja wamalize, kisha rudia maneno yale yale bila kuyapunguza. Na wewe ukija kuwa mkubwa, na utakuwa, tazama miguu ya watu. Kuna mtu atakuja amekimbia na hana sauti. Mkalishe. Muulize. Usimpe mkate ukadhani umemjibu.

Mola akufungulie kifua chako, akulainishie ulimi wako, na akujaalie wakubwa wanaojua kuchuchumaa. Akuondolee hofu ya watu, akuachie heshima yao. Na kila utakapojenga, kitu kipite juu yake salama. Amin.

Nusura nisahau asubuhi yake. Niliamka kabla ya azana, nikaenda kiwanjani peku, nikaikanyaga pisti pale tulipochimba usiku. Jua lilipochomoza mtambo ulikuwa unanguruma, lami inafuka, watu wamejipanga. Baba mkubwa akaita, "Zafy, udongo?" Tayari. "Mosio Rene, taa?" Tayari. Nikatoka nilipokuwa, nikaenda nikasimama mbele yake, pale alipokuwa anatazama.

"Baba mkubwa."

"Labeka, Echati."

"Pale tulipochimba, mguu wangu umeacha alama."

Aliinua mkono, mtambo ukasimama. Wakaja na mashindilio ya mikono wakapapiga, na mimi nikangoja ukingoni, watu wote wale na lami yao ya moto wananingoja mimi, mpaka nilipokanyaga tena na mguu haukuacha kitu. Ndipo nikamwambia, kwa sauti ambayo hata dereva wa mtambo aliisikia, kwamba sasa wamwage.